Kukausha jaruba bila kuvuna mapepe

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba skimu yao ya umwagiliaji imeambiwa ianze kulowesha na kukausha majaruba ya mpunga kwa zamu ili kupunguza methani, gesi inayoongeza joto duniani, naye anahofia mavuno. Ana haki ya kuhofu. Kinachoponza wengi ni kukausha kwa kukisia.

Maji yakisimama muda wote, hewa haifiki udongoni, na vijidudu vya humo huzalisha methani. Maji yakishuka, hewa inaingia na gesi inapungua. Ndiyo maana mpunga haukwepeki kwa nchi zilizoahidi kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 kupunguza methani kwa pamoja, angalau 30%, ifikapo 2030.

Ili uone maji yalipo badala ya kukisia, chukua bomba la plastiki la sentimita 30, upana sentimita 10 au 15. Toboa matundu sentimita 20 za chini, uzizike hizo, 10 zibaki juu, kisha komba udongo wote ulioingia ndani. Usiliweke bondeni wala kwenye kinundu. Jaruba lisilosawazishwa litakudanganya. Maji ndani ya bomba yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia mpaka yasimame sentimita 5 juu.

Wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza, acha maji yasimame, la sivyo magugu yatakutangulia. Kuanzia wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake, usikaushe kabisa. Kiu ya wakati huo ndiyo inayozaa mapepe, yaani punje tupu.

Mbolea ya urea nayo ina saa yake: imwage udongo ukiwa mkavu, halafu fungulia maji siku hiyohiyo yaishushe kwenye mizizi. Ikilala juu ya udongo wenye unyevu, naitrojeni inapaa hewani. Na ukizidisha kipimo unaongeza oksidi ya nitrasi, gesijoto kali kuliko methani yenyewe. Hapo umeruka majivu.

Sasa sera. Skimu inayotoza maji kwa ekari haimpi mkulima sababu ya kuyaokoa: akitumia nusu, ada ni ileile. Baya zaidi ni zamu za mfereji. Bomba likikuonyesha leo ni siku ya kufungulia na zamu yako ni wiki ijayo, mpunga hautasubiri kikao. Kwa hiyo kabla ya kukubali mpango wowote, hasa wenye ahadi ya malipo ya kaboni (fedha za kupunguza gesijoto), taka yaandikwe mambo matatu: nani anafungua lango, ndani ya siku ngapi baada ya kuombwa, na nani anabeba hasara maji yakichelewa.