Mgeni akisema anakufa mlimani, muulize amekula nini

Mkuu, umeuliza mgeni alimaanisha nini alipokwambia "don't make a mountain out of a molehill" wakati mnabishana habari ya begi lililochelewa. Hakuwa anaongelea Kilimanjaro. Molehill ni kile kirundo cha udongo anachotoa fuko shimoni; alikuwa anakwambia unakuza mambo. "Storm in a teacup" ya Waingereza haiko mbali, na Wamarekani husema "tempest in a teapot". Hizo kariri tu.

Inayowachanganya vijana wengi hapa Moshi ni ya chumvi. Kwetu anayetia chumvi ni msimuliaji. Kwenye "take it with a grain of salt" chumvi ni ya msikilizaji: usimeze yote unayoambiwa. Ukisikia mgeni anamnong'oneza mwenzake hivyo wakati unasimulia ulivyokutana na chui, ujue hujaaminika.

Sasa kuna chumvi wanazotia wenyewe. "I could eat a horse" ni njaa, mharakishe mpishi. "It cost an arm and a leg" ni bei imemuuma. Lakini "my head is killing me" na "I'm dying"? Msituni karibu na geti la kuanzia kupanda Kilimanjaro, cheka naye. Kule Lava Tower, ule mwamba mkubwa juu mlimani, mita 4,600 hivi, achana na mambo ya nahau, maana kichwa kuuma ndiyo dalili kuu ya mwanzo ya ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili kushindwa kuzoea hewa nyepesi ya juu. Mimi huuliza: umekula? Umetapika? Ulilala? Nampima oksijeni kidoleni, kisha namtembeza mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba tunashuka, hata kama anaapa alikuwa anatania.

Halafu wapo wanaopunguza, na hao ndio wananinyima usingizi. Nilipanda na mzee mmoja Mwingereza kwa njia ya Machame, kila nikimuuliza hali anajibu "a bit of a headache". Eti kidogo tu! Jioni supu hakuigusa, asubuhi vidole vinashindwa kufunga kamba za buti. Tukamshusha. Kwenye kundi hilohilo kulikuwa na kijana wa Kimarekani aliyekuwa "anakufa" tangu getini, na kilele cha Uhuru alifika akiimba.

Za kwenye gari la safari ni nyepesi zaidi, nyingi ni za joto, vumbi na kubanwa mkojo. Ukizitaka sema, nitaziandika.