Jifunze kupitwa: safari ndefu kwa pikipiki ya cc 150

Mara ya kwanza nilipotoka Dar kwenda Mbeya kwa pikipiki, wiki nzima niliimaliza kwa fundi. Oili mpya, plagi mpya, cheni na sproketi mpya. Upepo sikuufikiria hata dakika moja. Nilipofika maeneo ya Makambako, pale nchi inapokuwa wazi, ukanipiga ubavuni ukanihamisha kutoka katikati ya njia yangu hadi kwenye ukingo wa lami, huku injini ikinguruma vizuri kabisa. Basi wewe unayetaka kuanza safari hizi na pikipiki yako ileile inayokupeleka Mbagala na kukurudisha, kaa nikuambie yale ambayo kwa fundi hutayasikia.

Tuanze na mwendo. Ukiinama kwenye mteremko, spidi mita itapanda hadi tisini na kitu, na utajiona mfalme. Achana nayo. Upepo unaokupiga kifuani una hesabu yake: ukitoka 60 kwenda 90 umeongeza nusu tu ya mwendo, ila msukumo wa upepo unakuwa mara mbili na robo ya ule wa mwanzo, na injini inatakiwa kutoa nguvu zaidi ya mara tatu ili kuushinda. Mashine yenye nguvu za farasi 12 hivi itatoa wapi? Ndiyo maana ukiwa 90 kilima kidogo tu kinaimaliza pumzi, na petroli inashuka unaiona. Yangu nikienda 70 lita moja inanipa karibu kilomita 48. Siku niliyoikimbiza kwa sababu ya kuchelewa, hata 38 haikufika. Mwendo wangu ni 70, basi. Dar hadi Mbeya ni kilomita mia nane na zaidi, kwa hiyo nalala Iringa na wala sioni aibu.

Sasa, ukikubali kwenda 70 umekubali kupitwa na kila kitu: mabasi, malori yaliyo matupu, Noah za watu wanaowahi misiba. Mwenye pikipiki kubwa anahitaji ujuzi wa kupita wengine. Wewe ujuzi wako ni wa kupitwa, na haufundishwi popote. Unaanzia kwenye vioo. Mjini wengi tunavigeuza ndani ili tupenye foleni, au tunaving'oa kabisa. Huku vioo ndiyo macho yako. Kila baada ya pumzi chache tupa jicho nyuma, ili basi lisije likakushtua likiwa tayari begani.

Likija, mambo yanakwenda hivi. Pua yake inapokufikia, hewa inakusukuma kushoto. Ubavu wake ukiwa sambamba nawe, unavutwa kulia, kama vile basi lenyewe linakuita. Mkia ukishapita unaachiwa ghafla kwenye vurugu ya upepo, na pikipiki inatikisika kidogo. Yote hayo ni sekunde mbili, tatu. Wageni hukosea kwa kukaba usukani kwa nguvu zote. Mikono ikikakamaa, kila mtikisiko wa mwili unaingia kwenye tairi la mbele. Legeza viwiko, bana tanki kwa magoti, mafuta yabaki palepale, uiache pikipiki ijinyooshe. Inajua kwenda wima kuliko unavyodhani.

Na usiende kwenye ule mstari mweupe wa pembeni ukidhani unajisitiri. Dereva akikuona hapo anakupita bila hata kuhama njia yake, na ukisukumwa kidogo tu uko nje ya lami, ambako mara nyingi kuna kingo ya kushuka inayoweza kukukamata tairi. Mimi nakaa pale yanapopita matairi ya kushoto ya magari, isipokuwa kwenye sehemu ambazo malori mazito yamebonyeza lami ikawa kama mitaro. Tairi letu jembamba likitumbukia humo, usilitoe kwa kukwangua ukingo taratibu. Punguza mwendo, kisha ukate kwa pembe.

Kuna wakati basi linakuja mbele yako likiwa linapita lori, linakuwashia taa. Hakuombi ruhusa huyo, anakupa taarifa. Haki ni yako kabisa, ila utaidai wodini. Punguza mapema ushuke pembeni ukiwa na 30, maana kushuka lami na 70 ni ajali ya peke yako.

Upepo wa ubavuni, ule ulionifundisha adabu, dawa yake ni kuuegemea. Ukitokea kulia, sukuma mpini wa kulia mbele kidogo, kidogo sana. Pikipiki italalia kulia na kushikilia njia. Utajikuta unakwenda moja kwa moja huku umeinama kama mlevi anayejizuia. Hiyo siyo shida. Shida ni pale upepo unapokatika au kuanza ghafla. Angalia mbele: nyasi zimelala upande gani, moshi wa mkaa unakwenda wapi, kilima kilichochongwa kinaishia wapi. Ukipita karibu na Mafinga, misitu ya misonobari inakukinga hadi unasahau. Miti ikiisha ndipo kofi linapokuja. Ni vilevile ukipita lori linalopanda kilima: ubavuni mwake kimya, ukitokeza mbele ya kichwa chake unapigwa. Jiandae kabla hujatokeza.

Mzigo nao nisimulie, maana ulitaka kuniua. Nikiwa narudi, Igurusi nikanunua mchele, kilo 30 hivi, nikaufunga kwa mipira ya tyubu kwenye keria, nyuma kabisa ya taa. Mjini tunabeba zaidi ya hapo kila siku, kwa hiyo sikuwaza. Baada ya Makambako kuna mteremko mrefu, nikaachia hadi 75. Usukani ukaanza kuchezacheza, halafu ukatetemeka kama mkono wa mwenye homa, kushoto kulia, kushoto kulia. Mguu ukataka breki. Bahati nilikumbuka maneno ya mzee mmoja wa malori: usikamate, usikate. Nikarudisha mafuta taratibu, nikalaza kifua juu ya tanki ili uzito uende mbele. Ilipofika hamsini ukatulia. Nilikaa chini ya mti muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Gunia nikalihamishia kwenye siti, likagusa mgongo wangu kabisa, na hadi Dar usukani haukutikisika tena. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, unainua la mbele. Mwendo mdogo unaficha kosa hilo, mwendo mkubwa unalianika.

Upepo wa matairi pima asubuhi kabla hujaondoka, yakiwa baridi, na la nyuma liongezee kidogo kwa ajili ya mzigo. Cheni iangalie kila jioni.

Kitonga, ule mlima mkali kabla ya Iringa: kupanda ni subira tu, gia ya pili nyuma ya semi, lori la tela, ukiacha nafasi endapo litarudi nyuma. Kushuka ndiko kwenye kazi. Ingia kwenye gia ndogo kabla mteremko haujaanza, uache injini izuie. Ukining'inia kwenye breki toka juu, zinapata moto na kupoteza nguvu kabla hujafika chini. Na kutoka Iringa hadi Makambako, uko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, pikipiki inakuwa mvivu. Haijaharibika. Usimruhusu fundi wa njiani kuchokonoa kabureta, kwa sababu ukirudi pwani utamtafuta na hutampata.

Mwisho, baridi. Mtoto wa Dar haamini hadi imkute Makambako mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi. Vidole vinakufa ganzi, breki unaibana kwa kukisia. Vaa koti la mvua hata kama anga ni jeupe, kwa ajili ya upepo, na chini yake kunjua gazeti zima kifuani. Mimi hulibeba hivyo mpaka niteremke Igawa, ambako joto linarudi. Hapo nalitoa, nalitandika chini ya tairi la nyuma, naipaka cheni oili.