Usiache kazi ili uandike riwaya

Vijana wakijua kwamba naandika riwaya, wengi huniuliza kama waache kazi wahamie Dar es Salaam wakaandike. Mimi nauza dawa katika duka la dawa muhimu hapa Dodoma, na huandika usiku nikishafunga. Huwa nawajibu: baki kazini, halafu iandike hiyo kazi.

Mtazame Agatha Christie, Mwingereza ambaye vitabu vyake vinakadiriwa kuuzwa nakala zaidi ya bilioni 2. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa mtoa dawa hospitalini, mjini kwao Torquay. Siku wagonjwa wakipungua, alikaa katikati ya makabati ya sumu akiwaza hadithi ya mauaji. Riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, ilitoka mwaka 1920, na fumbo lake lote limesimama juu ya jambo ambalo watoa dawa hulijua: dawa mbili zikikutana chupani, sumu inaweza kujitenga na kutuama chini. Jarida la wafamasia liliisifu. Mimi ninayeshinda na chupa hizo najua sifa ile ilikuwa ya haki.

Hata mpelelezi wake, Poirot, alimfanya mkimbizi kutoka Ubelgiji kwa sababu wakimbizi wa nchi hiyo walikuwa wamefikia Torquay. Sasa wewe uko Dodoma. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia huku, mitaa imejaa wapangaji ambao jirani hajui wametoka wapi. Unakwenda Dar kutafuta mhusika gani?

Rafiki yangu anapima mahindi soko la Kibaigwa. Anajua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inavyoshonwa, anajua dalali na mwenye mizani wanavyopeana ishara mkulima akiwa amesimama hapo hapo, na lori lipi hupakiwa usiku. Mwandishi wa mjini hawezi kuyabuni hayo. Nimemsihi aandike riwaya, na maiti wa kwanza akutwe ghalani, chini ya magunia. Anunue daftari la shule, aandike kila anachokisikia. Christie naye alijaza madaftari ya namna hiyo.

Kuhusu mkataba, nisikilizeni sana. Christie alikuwa amekataliwa na wachapishaji kadhaa, kwa hiyo alipokubaliwa alisaini kwa furaha. Kitabu kile kilimpa pauni 25 tu, na tayari alikuwa amefungwa kuwapa vingine 5. Baadaye alipata wakala na kuhamia kwa mchapishaji mwingine, lakini ilibidi kwanza alimalize deni la vitabu.

Inaniuma kuona kijana anatoa hadithi nzima kwa mwenye kundi la WhatsApp bila hata karatasi. Sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ukipewa mkataba, omba uende nao nyumbani, usomwe na mtu anayejua sheria. Uliza haki za redio, filamu na mauzo ya kwenye simu zinabaki kwa nani, na kwa miaka mingapi. Majibu yaandikwe humo humo kabla hujasaini.