Zege Halilali, Lakini Linataka Siku 28

Tulinunua kiwanja Chanika mwaka 2013. Mimi na mume wangu tuligeuza kalenda ya ukutani, tukapiga hesabu kwa nyuma: msingi mwaka huu, kuta mwakani, Krismasi ya 2015 tunakula kwetu. Tulihamia Agosti 2022. Hapo katikati kuna karibu miaka saba ambayo haikuwa kwenye kalenda. Nakuandikia wewe ambaye jambo lako limechelewa, iwe nyumba, masomo, mtoto au kazi, na umechoka kuambiwa "subira yavuta heri" na watu ambao wameshapata.

Tulianza kwa kuharakisha. Msingi ulipokamilika, mume wangu alikopa kazini ili tupandishe kuta kabla ya masika ya 2014. Fundi alituahidi wiki tatu. Tofali zilifyatuliwa palepale kiwanjani, zikaachwa juani siku mbili tatu bila maji ya kutosha, zikajengewa. Hatukuuliza kitu, maana tulichotaka kusikia ni kwamba kazi inakwenda. Mvua zilipokolea, ukuta wa sebuleni ulipata ufa wa kupitisha kidole. Nilishika kona ya tofali moja, ikamomonyoka mkononi kama biskuti. Tulibomoa ukuta ule, na makato ya mkopo yakaendelea kwenye mshahara miaka miwili mingine. Simlaumu fundi peke yake. Haraka ilikuwa yetu.

Aliyetufungua macho ni fundi mwingine, mtu mzima, tuliyempata baadaye. Mjini tunasema "zege halilali", tukimaanisha jambo likishaanza lisilazwe. Ni kweli, ukishalichanganya lazima limwagwe siku hiyohiyo. Lakini mzee yule alitukumbusha upande wa pili ambao hausemwi: likishamwagwa linataka siku 28 lifikie nguvu yake, na siku za mwanzo linataka maji. "Mama," aliniambia, "hata uwe na hela za kununua kiwanda cha saruji, siku ni zilezile."

Tulipofyatua tofali upya, siku za kazi tulimlipa kijana wa jirani azimwagilie. Jumamosi na Jumapili nilikwenda mwenyewe, asubuhi na jioni, na dumu la lita 20 kutoka kisima cha jirani. Tulizifunika kwa magunia. Unamwaga maji, unasikia tofali linavyoyanyonya, na baada ya muda mfupi linabadilika rangi tena, linataka mengine. Kwa macho hakuna kinachotokea. Kumbe ndani yake ndipo linapokaza. Siku moja nilikuwa nimeinama pale na dumu, nikajiona nilivyokuwa nimeielewa vibaya subira maisha yangu yote. Nilidhani ni kukaa.

Tangu hapo kila nikikwama najiuliza swali moja: hapa zege linakomaa, au nimelala mimi? Ni swali gumu kuliko linavyoonekana. Jalada letu la kupimiwa kiwanja lilikaa ofisini miezi minane, nami najisifu kwamba nimetulia, namwachia Mungu. Siku nilipokwenda kuuliza, niliambiwa linasubiri nakala ya risiti moja tu. Nakala ya shilingi mia! Ile haikuwa subira, ilikuwa woga wa kusimama kwenye foleni na kujibiwa vibaya. Kwa hiyo kabla hujajipa moyo kwamba wakati wako haujafika, nenda kaulize. Ukikuta kweli kilichobaki ni siku tu, hapo rudi ukamwagilie.

Mwaka 2017 mume wangu alipunguzwa kazi, ujenzi ukasimama miaka miwili. Ukiwa kwenye kipindi kama hicho, tunza kile ulichokwishafanya. Nondo zilizochomoza tulizipaka uji wa saruji zisiliwe na kutu. Saruji hatukununua hata mfuko mmoja wa akiba, kwa sababu ikikaa miezi kadhaa inavuta unyevu na kushika mabonge. Tulipopata vijisenti tulinunua kokoto, ambazo haziozi. Tukapanda miembe miwili ya kupandikiza na mwarobaini mmoja. Miembe ile ilituzalia kabla paa halijapanda, na kikapu cha kwanza nilikipeleka kwa mama yangu.

Kuhusu kujilinganisha, nitasema kidogo tu. Shemeji yangu alijenga kwa mwaka mmoja na nusu, na kwa muda mrefu nilikuwa natafuta sababu za kutokwenda kwake. Nilipoteza undugu bure. Nenda kawapongeze watu, ule chakula chao.

Ila kinachoniuma zaidi si miaka ile. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na boksi la sahani za udongo, dazeni moja, zenye maua ya bluu, nilizonunua Kariakoo mwaka 2014 kwa ajili ya nyumba mpya. Sisi tukawa tunakula kwenye za plastiki. Meza ya chakula, tukihamia. Kumwalika shangazi, tukihamia. Sikukuu ya kuzaliwa ya binti yangu, tukihamia. Alikuwa na miaka mitano nilipoziweka pale. Akiwa na kumi, siku moja alikuwa anafagia uvunguni, akalivuta lile boksi na kuniuliza, "Mama, hizi sahani ni za nani?"

Nilikosa jibu. Kama na wewe una boksi kama hilo, la vyombo, la nguo, la ziara ambayo umeisogeza mpaka mambo yakae sawa, lifungue wiki hii.

Jioni ile tulilifungua pamoja. Sahani mbili zilikuwa zimeshavunjika humo humo ndani, bila mtu kuzigusa. Zilizobaki tuliziosha, nikapakua wali maharage, tukala tumekaa mkekani kwenye chumba cha kupanga, umeme umekatika, taa ya chemli katikati. Binti yangu alikula akisogeza wali taratibu ili aone maua.

Moja aliivunja mwenyewe mwaka uliofuata. Tulihamia Chanika na tisa.