Maswali ya Wasomaji: Simu mbili za watoto, simu moja ya mama

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Langoni, Lamu. Binti yangu ana miaka 10 na anatumia Samsung niliyokuwa nikiitumia mimi. Kaka yake wa miaka 14 ameletewa na mjomba wake iPhone iliyokwisha kutumika, kutoka Muscat. Mimi mwenyewe natumia Tecno, na baba yao yuko safarini muda mwingi. Niliweka Family Link, programu ya Google ya kusimamia simu za watoto, lakini simu ya kijana haionekani kabisa, na ya binti inaonyesha jina langu. Nimekosea wapi? Na je, ni haki kuwawekea vizuizi hivi bila wao kujua?

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Hukukosea kuiweka programu hiyo. Tatizo limeanza kabla yake, kwenye akaunti. Simu haimjui mtoto kwa sura wala kwa kimo, bali humjua kwa akaunti iliyofunguliwa ndani yake na kwa tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo. Samsung ya binti ingali na akaunti yako, kwa hiyo kila anapoingia YouTube au Duka la Google Play, Google inamhesabu kuwa mtu mzima mwenye kujiamulia. Ukitazama YouTube ya Tecno yako, huenda ukakuta imejaa katuni ambazo hukuzitafuta, kwa sababu anayoyatazama yeye yanaandikwa kwa jina lako.

Hamisha picha na namba unazozihitaji, ondoa akaunti yako katika Samsung hiyo, kisha uifute irudi kama ilivyotoka kiwandani. Itakapowaka upya, mfungulie binti akaunti yake kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa, na nakusihi usimwongezee hata mwaka mmoja ili mambo yaende haraka. Kwa kuwa hajafika miaka 13, Google itakutaka wewe uingize akaunti na nywila yako kutoa idhini, na hapo ndipo simu yake inapofungamana na yako. Tangu wakati huo utapanga saa za matumizi na saa ya kulala, utaidhinisha kila programu anayotaka kuipakua, na utaona simu ilipo maadamu imewashwa na ina intaneti. Bando lake likiisha, mipaka uliyokwisha kuiweka hubaki, ila mabadiliko mapya hayatamfikia mpaka arudi hewani. Saa zikimalizika simu hujifunga, lakini bado ataweza kupokea simu unayompigia, jambo ambalo kwa mama ni kubwa.

Sasa iPhone. Mzazi mwenye iPhone anaweza kuweka Family Link na kusimamia simu ya mwanawe ya Android, yaani mfumo wa Google unaoendesha simu kama Samsung na Tecno zenu, lakini mzazi mwenye Android hawezi kuitumia kuisimamia iPhone ya mtoto, kwa sababu Apple imeweka udhibiti wake ndani ya simu yenyewe tangu mwaka 2018, chini ya jina Screen Time, na kuuendesha kwa mbali kunamtaka mzazi naye awe na kifaa cha Apple. Kwa hiyo hutalazimika kununua simu nyingine, lakini itakubidi uishike iPhone hiyo mkononi mwako. Kwanza hakikisha mjomba ametoa akaunti yake ya Apple. Isipotolewa, kijana atakuwa akiishi ndani ya akaunti ya mtu mzima, pengine pamoja na picha za mwenyewe. Akiwa na miaka 14 anaweza kufungua akaunti yake, kwa umri wake wa kweli.

Kisha ingia kwenye mipangilio, fungua Screen Time, na uweke namba ya siri ya tarakimu nne iliyo tofauti na ile ya kufungulia simu. Isiwe ya M-Pesa. Mpwa wangu wa miaka tisa aliwahi kunitajia yangu, tarakimu zote nne, kwa kuutazama tu mwendo wa kidole changu tulipokuwa tukilipa nauli ya boti ya Shela. Simu itakapokuuliza akaunti ya kurudishia namba hiyo endapo utaisahau, usiandike ya kijana, kwani utakuwa umempa ufunguo pamoja na kufuli. Mwombe mjomba akuruhusu kutumia yake. Baadaye zuia upakuaji wa programu bila namba hiyo, zuia tovuti za watu wazima, na zuia akaunti kubadilishwa. Vizuizi hivi vimo ndani ya simu, hivyo vitamfuata hata akienda kukaa baraza ya jirani mwenye Wi-Fi.

TikTok ina njia yake ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto, nayo haijali simu ni ya aina gani. WhatsApp ni tofauti: hakuna kizuizi kati ya hivi kitakachokusomea yanayoandikwa humo. Zote mbili zinataka miaka 13, kwa hiyo binti asubiri. Kwa kijana, ingia sehemu ya faragha ya WhatsApp na uruhusu watu anaowajua tu kumwingiza kwenye makundi.

Bila wao kujua? Hapana, dada. Watajua tu, maana simu yenyewe humwonyesha mtoto kwamba inasimamiwa. Kijana wa miaka 14 akigundua peke yake atakuona umempeleleza, na siku mtu mzima atakapomtumia picha ya aibu, hatakuja kwako. Keti naye, mweke mipaka akiwa anaona, mkubaliane saa za shule, za chuo na za kulala. Waambie wote wawili pia kuwa namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

SWALI: Nina duka Maweni, Malindi. Nimemnunulia mwanangu wa miaka 12 Huawei isiyo na Duka la Google Play, na Family Link imekataa. Nyumbani tuna Wi-Fi. Nifanyeje?

JIBU: Kaka yangu, simu mpya za Huawei zilikosa huduma za Google baada ya vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019, na Family Link haiwezi kusimama bila huduma hizo. Tumia udhibiti uliomo katika mipangilio ya simu yenyewe, ukaufunge kwa namba ya siri. Kwenye ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi, tafuta mahali pa DNS, yaani huduma inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti, uandike 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Huduma hii ya bure ya kampuni ya Cloudflare huzuia tovuti za ngono kwa kila simu inayotumia Wi-Fi yako. Mtoto akitoka na bando lake, kinga hiyo inabaki nyumbani, kwa hiyo tafuta katika simu yake DNS ya faragha na uandike family.cloudflare-dns.com. Anaweza kuifuta akijua ilipo, basi iangalie kila wiki.