Simu ya mjomba ina megapikseli 41 ila picha zinatoka 5, nimepigwa?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nipo Mikindani, napiga picha za harusi na ngoma za kutoa wali wa unyago, huku kwetu na Mtwara mjini. Mjomba kanipa Nokia 808 PureView yake ya zamani, anasema ina megapikseli 41, ila nikihamishia picha kwenye laptop naona 5 tu. Fundi mmoja kaniambia ni feki. Alafu WhatsApp haifunguki kabisa. Niiuze?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiuze kwanza, na hiyo 5 sio dalili ya feki. 808 ilivyotambulishwa Barcelona Februari 2012 ilikuja imesetiwa hivyo makusudi, yani sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga) inachukua vidoti milioni 38 hivi, ndo megapikseli hizo, alafu inaunganisha kama 7 vinakuwa kimoja, ndo mana picha inatoka safi haina chengachenga hata jua likishazama. Ile 41 ni hesabu ya sensa nzima, picha kubwa kabisa utakayopata ni 38. Ukiitaka ingia modi ya krietivu uchague rezolushoni kamili, ila mafaili yanakuwa mazito, na kwa kazi yako mimi ningebaki kwenye 5.

Kwa nini? Ukiwa kwenye 5 unavuta mpaka mara 3 hivi na picha haipasuki, kwa sababu simu haitanui picha, inakata tu kipande cha katikati cha sensa. Umesimama nyuma ya wamama wamejaa uwanjani na bado sura ya mwali unaipata. Sensa yenyewe ni kubwa, inchi 1/1.2, ndo imeleta ile nundu mgongoni. Na flashi yake ni zenoni, inamulika kwa nguvu kwa kitambo kifupi mno, mcheza ngoma akiruka usiku anaganda hewani, hiki kitu simu nyingi za leo zenye taa ya LED hazikupi. Maiki zake nazo zinahimili kelele, rekodi ngoma ukiwa karibu usikie, sauti haikwaruzi.

Video ni 1080p lakini flashi hiyo haisaidii kwenye video, inawaka LED ndogo tu, na lenzi haina kitulizo cha mtikisiko kwa hiyo mkono utulie au tafuta stendi. Usihukumu picha kwa kioo chake, ni 640 kwa 360 tu, zifungue kwenye laptop.

WhatsApp iliachana na Symbian, mfumo unaoendesha simu hiyo, tangu 30 Juni 2017, hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Ifanye kamera, picha zirushe kwa bluutuu kwenye simu yako nyingine au toa memori kadi, zitume kutokea huko.

Betri ni BV-4D ya mAh 1400, inachomoka. Fungua mfuniko leo uitazame, ikiwa imevimba usiichaji tena, tafuta nyingine, na ukipata mbili ndo utamaliza harusi bila presha.