Barua kwa mwanangu: kuhusu huyo dada anayetaka kununua saluni yako

Asalaam aleykum mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma, nikampa na mama yako akausoma, tukaona hili sio la kuongea kwenye simu huku unasuka mteja, bora nikuandikie ukae nalo. Umesema kuna dada anaitaka saluni yako hapo Dodoma yote kama ilivyo, viti, draya, sinki, jina na wasusi wawili, ila anataka akupe nusu sasa na nusu awe anakulipa kila mwezi kutokana na saluni yenyewe. Ukaniuliza baba ulipouza duka la baiskeli bei uliijuaje, na mafungu ulikubali?

Naanza na mafungu maana ndo yananikaa rohoni. Usikubali pesa yako iwe inatoka ndani ya saluni ambayo huishiki tena. Aliyenunua duka langu 2019 naye alikuja na maneno hayohayo nikamkatalia kwa upole, sio kwamba simwamini, ila nikishatoka pale sijui anafungua saa mbili au saa tano, anajaza mzigo au anakula mtaji, halafu hasara zake za kujifunza kazi zinakatwa kwenye haki yangu. Tulichokubaliana ni kishika uchumba kwanza, yani pesa ya kuonyesha nia, na ikaandikwa kwamba akighairi yeye hairudi, nikighairi mimi narudisha yote. Siku ya mkataba kwa wakili akaingiza fungu kubwa benki, kikabaki kiasi kidogo chenye tarehe ya mwisho na mdhamini mwenye nyumba yake hapa mjini. Funguo nilizitoa pesa ilipokuwa imeshasoma kwenye akaunti, sio kabla. Huyo dada kama hana yote akakope benki au kwenye kikoba chake, deni liwe lake na hao waliomkopesha, wewe sio benki mwanangu.

Sasa bei. Mali tulihesabu wote wawili na mnunuzi wangu baada ya kufunga duka, mimi natoa kwenye droo yeye anaandika, na kila kitu kwa bei ya kununulia, sio ya kuuzia. Tulifika mpaka kwenye spoki. Unaikumbuka ile baiskeli ya Phoenix ya rimu 28, nyuma inakula spoki 40 mbele 32, basi tukawa tunazifunga kwa seti na seti iliyopungua haiingii kwenye hesabu, gololi tukazipima kwa kopo. Vitu vilivyolala kama taa za dainamo na breki za vyuma alivikataa na alikuwa na haki, nikampelekea fundi mmoja Muheza kwa bei ya kutupa. Na wewe usije ukamhesabia draya mbovu au dawa za nywele zilizopita tarehe, akigundua moja tu ataanza kushuku mpaka vilivyo vizima.

Ukishamaliza vitu ndo unakuja kwenye kilemba, na hapa utulie sana. Kilemba ni ile pesa ya juu ya vitu, ya sehemu na wateja. Mimi niliweza kukitetea kwa sababu duka lilikuwa Ngamiani palepale hapa Tanga, na mchuuzi wa samaki anayetoka Deep Sea na tenga lake kwenye karia akikatika cheni hatafuti sura yangu, anatafuta cheni. Nikamwambia mnunuzi njoo ukae na mimi dukani, uione Jumatatu iliyolala na Jumamosi yenye watu, na daftari la mauzo hili hapa soma mwenyewe. Hakuna maneno yanayoshinda hilo daftari.

Saluni yako ni tofauti, nakwambia ukweli kama baba. Watu wanakuja kwa mikono yako. Ukiondoka wewe watabaki wangapi? Ndo maana hao wasusi wawili wana thamani kuliko viti vyote, na kama hawataki kubaki huna kilemba cha maana cha kudai. Kaa nao kabla hawajasikia mtaani. Halafu ukipiga hesabu ya faida toa kwanza mshahara wako wewe mwenyewe, maana unasuka kutwa hujilipi, mwenzio akija itabidi aajiri mtu wa kushika hiyo nafasi, kwahiyo hiyo unayoiita faida nusu yake ni jasho lako tu. Mpe ofa ya kukaa nae mwezi umtambulishe kwa wateja, kilemba kitapanda. Ataomba pia usifungue saluni nyingine jirani, kubali, ila iandikwe ni mtaa gani na kwa muda gani, isije ikawa Dodoma nzima maisha yako yote.

Kama wasusi ni wa mshahara wa mwezi na ajira yao kwako inakoma, notisi isipungue siku 28, na aliyefanya kazi mfululizo mwaka na zaidi ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Walipe wewe, usimwachie mgeni. Fundi wangu nilimlipa kabla sijagusa hata shilingi ya duka na mpaka leo tukikutana Makorora tunasalimiana vizuri.

Mwenye fremu umuone mapema, mkataba una jina lako na akimkataa huyo dada hakuna biashara hapo. TIN na leseni ni zako, haziendi nae, akachukue zake. Wewe nenda TRA utoe taarifa kwamba umeacha, usiponyamaza makadirio ya kodi hayatakufuata, ukinyamaza yanaendelea kuhesabika. Mashine ya EFD, hiyo ya risiti, nayo imesajiliwa kwako usiiache pale mezani. Jina la saluni kama ulilisajili BRELA, wale wa kusajili majina ya biashara, liandikwe kwenye mkataba. Na ile lipa namba iliyobandikwa kwenye kioo bandua siku hiyohiyo, mimi duka lilishauzwa na pesa za tyubu za watu zinaendelea kuingia kwangu, ikawa kila jioni namrudishia aliyenunua. Wateja wenye madeni baki nao wewe, daftari la madeni sikuliuza.

Nitumie picha ya mkataba wa fremu kurasa zote, na mauzo ya miezi sita iliyopita, nikae nayo wikiendi hii. Huyo dada mwambie baba yangu ameomba mpaka wiki ijayo, kama kweli anaitaka atasubiri. Mama yako anakusalimu, anasema kilemba usikishushe.

Baba yako, Tanga